Wageni wa Bwawa la Tatu

Machi 4

Mvua imeanza leo na mama mkwe kaanza nayo. Sijanawa hata uso, nasikia nje: "Redio bado imelala?" Redio ni mimi. Jina hilo alinipa wiki ile ile niliyoolewa, eti naongea tangu jua kuchomoza na kitufe cha kunizima hakijulikani kilipo. Kwani nyumba hii nani mwingine anaongea? Mume wangu ukimuuliza swali leo, jibu unalipata kesho. Mama naye akifungua mdomo ni lawama. Nikinyamaza na mimi, tutaishi kama viatu kabatini.

Basi nimeamua kuandika. Daftari halinuni.

Kazi yetu ni vifaranga vya samaki. Tunavizalisha, tunavikuza mpaka vifike urefu wa kidole, wafugaji wanakuja kununua. Tuna mabwawa sita na moja dogo la akiba, na kila asubuhi kazi haianzi mpaka mama aonje maji. Anachota kwa kiganja bwawa moja baada ya jingine, anasukutua, anafumba macho. Yakiwa machachu tunatia chokaa. Yakiwa na ladha ya kutu tunafungulia mapya. Bwana samaki, yule afisa wa idara ya uvuvi anayetutembelea, alishamletea karatasi za kupimia. Mama akawashia jiko. Wenzake wa kazi hii wakishaonja hutema. Yeye humeza. Anasema kutema ni kwa wanaobahatisha.

Machi 6

Mvua. Nimeziba nyavu zilizotoboka. Mama kasema nashona kama mtu anayekimbizwa.

Machi 9

Kwenye kamba za wavu wa bwawa la tatu kuna vitu. Punje ndogo, angavu, kila moja ina nukta nyeusi katikati, zimepangana kwenye kamba kama zimetungwa. Nikazishika. Maji yalikuwa baridi ya kutia ganzi, zenyewe vuguvugu.

Nikamwita mume wangu. "Mayai ya chura," kasema. Haya, mayai ya chura. Nikatembea upande wa kushoto wa bwawa, nukta zote zikageuka kushoto. Nikarudi kulia, zikanifuata. "Na hayo mayai ya chura yanamwangalia nani?" nikamuuliza. Kasimama pale, kajikuna shingo, kaenda kunywa chai. Jamani, mwanaume huyu!

Machi 12

Punje hazipo. Yamebaki maganda, nayo yanakatikakatika ukiyagusa.

Machi 15

Samaki wa bwawa la tatu hawajatawanyika tangu asubuhi. Wamesimama ndani ya maji, wakubwa kwa wadogo, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Nikadhani wanaelekea bomba la maji mapya, lakini bomba liko nyuma yao. Wanaitazama nyumba yetu.

Nimetupa chakula. Hawakukigombania kama kawaida yao. Nilipotia mkono majini, mmoja mkubwa, jike la mbegu, la kututagia, ambalo siku zote hatulikamati bila watu wawili na matusi, likaja lenyewe likalala kiganjani mwangu. Likatulia. Sikupenda. Nikalirudisha, likarudi tena.

Mama kasema, "Wametulia. Kuna watu humu ndani wangejifunza kwao."

Machi 19

Bwana samaki kaja na buti zake mpya, kateleza mara mbili kabla ya kufika. Kamtoa samaki mmoja, kampasua. Samaki hakurusha hata mkia. Alikuwa hai, anapumua, kisu kinapita, naye katulia tu. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba, zimejisokota kila mahali pana nafasi. Nazo zilikuwa zinakwenda, taratibu, kama mtu anayejinyoosha asubuhi.

"Miaka yote hii sijawahi kuona kitu kama hiki," kasema bwana samaki, na rangi ya uso ilikuwa imemtoka. Kaziweka kwenye chupa. Kasema bwawa la tatu lifungwe, maji yake mtu asiyaguse kwa mkono wala kwa mdomo. Hapo akamtazama mama. Mama akaitikia vizuri kabisa, "Nimesikia, bwana mkubwa." Nikajua tu.

Mume wangu alipomsindikiza mgeni barabarani, mama akainama bwawa la tatu, akachota, akasukutua, akameza. Akanigeukia. "Maji haya nimeyaonja yeye hajajua kuoga peke yake. Na wewe ukisema, nitajua ni nani kasema." Nikafyata mkia. Ndivyo ilivyokuwa.

Machi 22

Mvua kutwa. Mama kalala mchana, jambo ambalo halijapata kutokea.

Machi 26

Nimempelekea mama chai. Kasema asante.

Naandika tena ili nikisoma kesho nisidhani nimeota: kasema asante, kwangu mimi.

Machi 28

Leo alikuja kukaa nami barazani nikishona wavu. Nikajiandaa kwa maneno. Badala yake akanishika mikono. Mikono yangu imechanika na chokaa, nyufa zinaingia mpaka kwenye nyama, na miaka yote mama huniambia ni kwa sababu sijui kushika koleo. Leo kaleta mafuta, kanipaka kidole kimoja kimoja. "Unaumia na husemi, mwanangu," kasema.

Mwanangu! Nikainama, nikajifanya natafuta sindano. Nilikuwa na mama yangu, lakini alikufa nikiwa mdogo wa kutokumbuka sauti yake, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuniita hivyo kwa sauti ile. Nilikuwa nimejiambia kwamba sihitaji. Uongo mtupu.

Jambo moja tu. Aliponiacha, mikono yangu haikuwa na mafuta. Ilikuwa imelowa maji.

Aprili 2

Mama kamwambia mume wangu mbele yangu, "Bila huyu, mabwawa haya yangeshakufa." Mume wangu kanitazama, kamtazama mama, kasahau kutafuna.

Nina furaha, naandika bila haya. Tunakaa barazani kila siku. Ananisimulia alivyokuwa msichana, jinsi alivyochimba bwawa la kwanza na marehemu baba mkwe wakigombana kuanzia jembe la kwanza hadi la mwisho. Anacheka! Ana pengo upande wa kulia, sikuwa nalijua.

Lakini macho ninayo. Jagi la maji halimtoki mkononi. Kiti alichokalia kinabaki na unyevu. Hata tukizungumza, uso wake unazunguka polepole mpaka unaelekea bwawa la tatu. Nikihamisha kiti changu ili anitazame mimi, ananitazama kidogo, anatabasamu, kisha uso unarudi kule kule.

Ni uzee, nimejiambia. Wazee husikia kiu.

Aprili 5

Siku mbaya.

Asubuhi nimewakuta samaki wa bwawa la tatu wamelala kwenye kina kifupi, ukingoni, wamepangana ubavu kwa ubavu. Nikainua mmoja. Ngozi tupu. Magamba yapo, macho yapo, ndani hamna kitu, mithili ya soksi. Hakuna harufu ya kuoza. Na kwenye tope chini yao kumeota vikombe vidogo vyeupe, vimefunga midomo, vinapumua.

Bwana samaki kaja mbio. Safari hii kajua la kusema, maana zile nyuzi za kwenye chupa zilishachunguzwa maabara, na kalieleza mbele yangu na mume wangu pale pale ukingoni. Kinaanza na punje. Punje inatoa uzi, uzi unaingia ndani ya samaki na kumtuliza, asikimbie, asipigane, asile, anywe tu. Ukishashiba unamleta kwenye maji ya kina kifupi, unatoka, unamwacha ganda. Uzi unazama topeni unageuka kikombe, na kikombe kikinyeshewa sana kinafunguka na kumwaga punje mpya. "Lakini samaki ni nyumba ya kupanga tu," kasema. "Kinatafuta kikubwa zaidi. Kitu chenye joto. Kitu kitakachoingia majini kwa miguu yake."

Samaki wachache wa bwawa la nne waliokuwa wameanza kuzubaa, yeye kawaogesha kwenye beseni la maji ya chumvi, kama tunavyowaogesha wakiwa na wadudu wa ngozi. Nyuzi zikatoka, zikafa. Samaki wakaamka, wakapiga mikia, mmoja akamng'ata kidole.

Kisha akauliza: "Kuna mtu yeyote aliyeyanywa maji haya?"

Mume wangu kasema hapana, naye ndivyo anavyojua. Bwana samaki akanigeukia mimi. Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi nyuma yetu. Nilijua jibu. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Nikasema hapana.

Aprili 6

Sikulala. Nimejitetea kwa kila namna. Kwamba mama ana mwili mkubwa, si samaki. Kwamba labda alitema. Hakutema, nilimwona. Kwamba nikisema, wataleta chumvi, na yule anayeniita mwanangu atatoka na nyuzi, na atabaki yule mwingine.

Hiyo ya mwisho ndiyo kweli. Siku chache tu, nimejiambia. Nimekaa bila mama miaka yote, siku chache hazimuui mtu.

Aprili 8

Kanisuka nywele. Maji yalikuwa yananitiririka shingoni.

Aprili 11

Mume wangu kaniuliza, "Mama ana nini?" Nikamwambia, "Ana furaha. Hujawahi kuiona, ndiyo maana umeshtuka." Kafikiri. "Hali chakula," kasema. Nikamwambia wazee hawali sana. Kanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nimeogopa macho ya mume wangu leo, mimi ambaye sijawahi kumwogopa hata akikasirika, maana hakasiriki.

Aprili 13

Nimemshika mama mkono kumvusha ngazi. Ni mwepesi. Chini ya ngozi ya mkono wake kitu kimepita, kutoka kwenye kifundo kwenda kwenye kiwiko, taratibu. Kaona kwamba nimeona. Kasema, "Usiogope, mwanangu. Haiumi." Nikamjibu, "Sawa, mama." Nikaenda kufua.

Mungu anisamehe, nikaenda kufua.

Aprili 16

Nisipoandika nitapasuka.

Kulikuwa kumekucha, mvua kubwa, ile ya kufanya usisikie mtu aliye mbele yako. Nikapeleka chai chumbani kwa mama. Kitanda kitupu. Godoro limelowa kotekote, na kutoka kitandani mpaka mlangoni kuna alama za nyayo za maji, zinatoka, hazirudi. Chai ikaniponyoka. Sikuvaa hata viatu.

Alikuwa bwawa la tatu, maji yamemfika kifuani. Mgongo kanipa mimi. Vikombe vya topeni vilikuwa vimefunguka vyote, na punje zimejaa juu ya maji, nukta zao zimeelekea kwake.

"Mama!"

Akageuka. Uso ule sitausahau. Haukuwa na kunyanzi hata moja. "Umekuja," kasema. "Nilijua utakuja. Ingia, mwanangu, ni vuguvugu."

Nikaingia. Nitaandika na hili, kwa kuwa nimeshasema uongo wa kutosha mwezi huu. Kweli yalikuwa vuguvugu. Nilipofika kiunoni nikaacha kupiga kelele. Si kwamba nilikuwa nimechoka. Sikuona tu tena sababu ya kupiga kelele. Maneno yote yaliyokuwa yananizunguka kichwani tangu siku ya uongo wangu yalinyamaza, na sikutaka kutoka. Mama akaninyooshea mkono, nami nikanyoosha wangu.

Kisha nikaona vidole vyake. Vilikuwa vimelegea kama glavu, vinatikiswa na maji.

Nikamshika kwapani nikavuta. Nilimkuta hana uzito, nguo zake zilikuwa nzito kuliko yeye. Nikaita jina la mume wangu mpaka koo likachubuka, naye akaja anakimbia, na yule mtu asiyejibu leo mpaka kesho akauliza maswali yote kwa wakati mmoja. "Beseni!" nikamwambia. "Chumvi! Kayanywa! Tangu mwezi uliopita kayanywa, nilijua, leta chumvi!" Akasimama sekunde moja tu kunitazama. Kisha akakimbia.

Tulimlaza kwenye beseni la kuogeshea samaki, tukamwaga gunia zima la chumvi, nikamnywesha kwa kikombe nikimziba pua kama mtoto. Kwanza hakuna kitu. Halafu zikaanza kutoka. Kwenye pembe za macho, puani, chini ya kucha. Nyuzi ndefu, nyeupe, zinatoka taratibu bila haraka, na kila moja ikishatoka inainua ncha, inageuka huku na huku, kisha inamwelekea yule aliye karibu zaidi. Zilinielekea mimi. Nikazimwagia chumvi kwa viganja, na nyufa za mikono yangu ziliwaka moto, nami nilifurahi kwamba zinawaka.

Mama hakulia. Alinitazama wakati wote. Macho yake yalikuwa yananisihi, na sikujua ananisihi nini.

Zilipoisha, tukambeba hospitali. Nikamwacha huko na mume wangu, nikarudi nyumbani, nikanywa maji ya chumvi mpaka nikatapika, nikajiogesha kwenye beseni lile lile. Zilitoka nyuzi chache. Nilizitazama zikifa.

Aprili 18

Mama kaamka. Neno la kwanza: "Nani kaniweka kwenye beseni la samaki?" La pili: "Na wewe unalia nini, umefiwa?"

Mume wangu kacheka mpaka kakaa chini. Mimi nikaenda kulilia koridoni. Yuko hai. Karudi. Yule mwingine hayupo tena.

Aprili 23

Tumekausha mabwawa yote, tumechoma tope, tumetia chumvi. Vifaranga vyote tumevipoteza, tunaanza upya. Bwana samaki kaleta kifaa cha kupimia maji, mtu haonji tena. Mama kakitazama kile kifaa kama anavyonitazama mimi.

Mume wangu hajanisema kwa uongo ule. Siku moja tu, tukibeba tope, kaniambia, "Ungeniambia." Nikamwambia, "Najua." Akaendelea kubeba.

Aprili 27

Mama kasema wavu wangu hauwezi kumshika hata samaki mlevi. Mikono yangu inapona yenyewe.

Mei 2

Mvua imekatika. Nilikuwa barazani nasuka wavu mpya, mama akaja akakaa upande wa pili, akavuta ncha yake, akaanza kufunga vifundo. Hajawahi kukaa nami hapo tangu atoke hospitali. Tulifunga vifundo muda mrefu.

"Mmeyatia chumvi yote?" kauliza, hanitazami.

"Yote, mama."

"Hata lile dogo la akiba?"

"Hata lile."

Mkono wake ukasimama, kisha ukaendelea. Nikaona siwezi tena kukaa na kitu kile kifuani. Nikamwambia, "Mama, mimi nilijua mapema. Bwana samaki aliniuliza nikasema hapana. Nilikuacha. Ulikuwa unaniita mwanangu, nikakuacha uishe."

"Najua."

"Mume wangu kakuambia?"

"Sikuambiwa na mtu. Nilikuwa dirishani siku ile." Kavuta kifundo kwa meno. "Unadhani nilikuwa nimelala humu ndani ya mwili huu? Nilikuwa nasikia kila kitu. Alipokuuliza, nikasema moyoni, asiseme. Bado kidogo. Asiseme."

Nikauachia wavu. "Ulijua kwamba utakufa?"

"Niliwaona samaki, kama wewe ulivyowaona." Akajigusa chini ya koo. "Hapa pana kitu, tangu ujana. Neno zuri likija linakwama hapo, linatoka lingine. Siku unaolewa nilitaka kukuambia karibu. Nimetoa nini? Unakijua nilichotoa. Wadudu wale walipoingia, pakafunguka. Nikawa nakuita, na neno linatoka lenyewe. Sasa nalitafuta, mdomo hauendi."

Nililia mbele yake bila kujificha. Nikanyoosha mkono juu ya wavu nikamshika wake. Ulikuwa mkavu, mgumu, mzito. Akauacha mkononi mwangu kidogo, kisha akautoa.

"Kifundo hicho kimelegea," kasema. "Kirudie."

Nikakirudia. Alipokuwa anainuka kuondoka, akasimama mlangoni. "Mfereji wetu unaishia mabwawa ya jirani kule chini, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Wao wametia chumvi?"

"Sijui."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Nimempigia simu bwana samaki, kasema ataenda kwa jirani kesho asubuhi. Nimefunga geti la kuteremkia kule chini, na funguo nimempa mume wangu akae nazo yeye. Nimemwambia asimpe mama kwa lolote lile, na mimi pia asinipe, hata nikimwomba kwa machozi.